Kibandiko, vidonge au dawa isiyo ya homoni: nichague nini?

Mkalimani

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Alhamisi ijayo ninarudi kwa daktari wangu, ambaye amenipa karatasi yenye mistari mitatu na kunitaka nikafikiri nyumbani: kibandiko cha estradioli, yaani aina ya estrojeni, homoni ya kike, pamoja na kidonge cha projesteroni, kidonge kimoja chenye homoni zote mbili, au fezolinetanti, ambayo si homoni. Dalili za kukoma hedhi zimenichosha: joto la ghafla hunijia mara saba au nane kwa siku, na usiku huamka nikakuta shuka limelowa. Hilo ningelivumilia. Kilichonileta hapa ni kichwa. Kazi yangu ni ukalimani, na mkalimani hulipwa kwa kuwa na neno kabla msemaji hajamaliza sentensi. Wiki mbili zilizopita, nikiwa kibandani na vipokea sauti masikioni, msemaji alitaja mdhamini wa mkopo. Neno nililijua, nikalihisi liko ulimini, nikajua hata kwamba linaanza kwa m, lakini likakataa kutoka. Nikasema "yule anayesimama badala ya mdaiwa", na mwenzangu akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. Je, kati ya hizo tatu, ni ipi inayorudisha kumbukumbu? Naomba mwenye kujua anilinganishie.

Mkunga Mstaafu

Marahaba mwanangu. Unataka tukushonee nguo lakini vipimo umeviacha nyumbani. Una umri gani? Hedhi ya mwisho uliiona lini? Mfuko wa uzazi unao bado au ulitolewa? Umewahi kupata bonge la damu mguuni, kiharusi, saratani ya matiti au ugonjwa wa ini? Shinikizo la damu likoje, na kipandauso je? Ni dawa gani nyingine unazomeza? Usipotupa majibu hayo, kila atakayekujibu atakuwa anauzungumzia mwili wake mwenyewe.

Usiku Mrefu

Maswali ya Bibi Mkunga ni ya haki, ila mimi nina jibu tayari: kibandiko. Huu ni mwaka wa tatu ninatumia cha mikrogramu 50. Nakibadilisha mara mbili kwa wiki, nakibandika chini ya kiuno, safari hii upande wa kulia, safari nyingine wa kushoto, wala sikiweki karibu na matiti. Wiki ya tatu tangu nianze nililala saa sita mfululizo, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Kasoro yake ni kwamba pembe hujikunja mtu akitoka jasho, na gundi huacha alama nyeusi ya ukingo wake ambayo haikubali sabuni mpaka uisugue kwa mafuta.

Kidonge cha estrojeni simshauri mtu. Kikimezwa hupita kwanza kwenye ini, na ini likipata estrojeni kwa mkupuo huzidisha kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Inayopenya kwenye ngozi huingia moja kwa moja katika mzunguko wa damu, na tafiti za kuwafuatilia watumiaji hazijaonyesha ongezeko la mabonge ya damu kwa vibandiko vya kipimo cha kawaida. Na kumbukumbu yangu ilirudi.

Hesabu Kwanza, akimjibu Usiku Mrefu

Dada, sentensi yako ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi. Kumbukumbu ilirudi, sawa. Lakini iliyoirudisha ni estradioli, ni usingizi, au ilikuwa irudi yenyewe? Utafiti wa KEEPS wa Marekani uliwachukua wanawake 727 ambao hawakuwa wamezidisha miaka mitatu tangu hedhi ya mwisho, wakagawanywa kwa bahati nasibu: wengine vidonge vya estrojeni, wengine kibandiko cha mikrogramu 50 kama chako, wengine dawa bandia, yaani isiyo na homoni ndani. Kwa miaka minne walipimwa kumbukumbu na umakini, na makundi hayo hayakutofautiana. Waliomeza vidonge walipata nafuu kidogo ya huzuni na wasiwasi, basi. Walipoitwa tena takriban miaka kumi baadaye, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalikuwa yale yale: homoni hazikuwa zimewafaidi kichwani wala kuwadhuru.

Kwa hiyo swali la Mkalimani, kama lilivyoulizwa, lina jibu fupi lisilopendeza. Hakuna kati ya hizo tatu iliyothibitishwa kurudisha kumbukumbu. Ulinganisho uufanye kwa joto, usingizi na hatari zake.

Bila Ovari

Hesabu Kwanza, hao 727 walikuwa wanawake wenye afya ambao hedhi ilikoma kwa wakati wake. Mimi ovari zote mbili zilitolewa nikiwa na miaka 38. Niliingia chumba cha upasuaji nikiwa na homoni za mwanamke kijana, na kesho yake sikuwa nazo. Watafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walitoa mwaka 2007 taarifa ya wanawake waliotolewa ovari kabla ya kukoma hedhi, wakaonyesha kwamba miaka mingi baadaye matatizo ya kumbukumbu na dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni, yalikuwa mengi zaidi kwao, hasa kwa waliofanyiwa upasuaji wakiwa na umri mdogo. Ndiyo maana wenye hali yangu hushauriwa kutumia homoni angalau mpaka umri wa kawaida wa kukoma hedhi, yaani karibu miaka 51, isipokuwa kukiwa na kizuizi kama saratani ya matiti. Kabla ya kusema "haisaidii kichwa", tuseme kwanza kichwa cha nani.

Hesabu Kwanza

Nakubali, hilo ni kundi jingine. Nilikuwa namjibu mtu ambaye hajatuambia yumo kundi gani.

Mkalimani

Niwieni radhi, nilidhani mambo hayo ni ya daktari. Nina miaka 52. Hedhi ya mwisho ilikuwa miezi kumi na minne iliyopita. Mfuko wa uzazi ninao na ovari ninazo. Shinikizo la damu liko juu kidogo, na ninalimezea kidonge kimoja asubuhi. Kipandauso nilikuwa nacho ujanani, kile kinachotanguliwa na mistari ya mwanga machoni. Siku hizi hunijia mara mbili kwa mwaka. Sijawahi kupata bonge la damu wala saratani. Bado sijaelewa jambo moja: kama homoni hazirudishi kumbukumbu, kwa nini kumbukumbu iliondoka wakati uleule homoni zilipoondoka?

Mfamasia

Swali zuri, na jibu lake lina ngazi kadhaa. Estrojeni haifanyi kazi kwenye uzazi tu. Vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, vimo katika hipokampasi, ambako kumbukumbu mpya hutengenezwa, na katika sehemu ya mbele ya ubongo inayotuwezesha kushika mambo mawili kwa wakati mmoja. Husaidia pia seli za ubongo kutumia glukosi. Katika miaka ya kuelekea kukoma hedhi, homoni hiyo haishuki kama mtu anayeteremka ngazi. Hupanda, huanguka, hupanda tena, na ubongo huhangaika kulingana nayo. Lisa Mosconi na wenzake wa Weill Cornell, chuo cha tiba cha New York, ambao walipiga picha bongo za wanawake kabla, wakati na baada ya mpito huo, waliona mwaka 2021 kwamba baadhi ya sehemu hupungua ujazo na baadaye hutulia, na nyingine hurudisha kiasi. Mwaka 2024 walionyesha, kwa wanawake 54, kwamba vipokezi vya estrojeni ubongoni huwa vingi zaidi baada ya hedhi kukoma, ni kana kwamba ubongo unafungua madirisha zaidi ili uipate ile hewa kidogo iliyobaki.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, utafiti wa Marekani uitwao SWAN, unaowafuatilia wanawake wanapovuka kipindi hiki, ulikuwa umetoa habari ya kutia moyo. Mtu akirudia mtihani uleule wa kumbukumbu, kwa kawaida alama hupanda kwa sababu ya mazoezi. Wanawake waliokuwa katikati ya mpito hawakupanda kama wengine. Walipovuka, walianza kupanda tena. Mkalimani ana miezi kumi na minne tu tangu hedhi ikome. Huenda bado yuko mlangoni.

Kuhusu kutochagua kidonge, kwa shinikizo la damu na kipandauso chenye mistari ya mwanga, mimi namuunga mkono Usiku Mrefu. Si kwa sababu ya kumbukumbu, ni kwa sababu ya mishipa ya damu.

Mume Msikivu

Naomba kuuliza bila kumuudhi mtu. Bibi zetu walivuka hali hii bila kibandiko wala utafiti. Je, hatujaifanya hatua ya kawaida ya maisha kuwa ugonjwa?

Mkunga Mstaafu

Baba, bibi zetu walizaa pia bila dawa ya kuzuia damu kumwagika, na wengine hawakurudi. Kuvuka walivuka, ila hukuwepo usiku walipokuwa wamekaa kitandani wakijipepea. Hatua ni ya kawaida, na mateso yake yanatibika. Sentensi hizo mbili hazigombani.

Mume Msikivu

Nimesikia, Bibi. Nauliza kwa ajili ya mke wangu, ambaye anaogopa homoni kwa sababu ya saratani.

Mama wa Mapacha

Hofu hiyo naijua, ila yangu ilikuja kwa mlango mwingine, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu hakuna aliyenieleza mimi.

Nilipofika miaka 53 nilikwenda kliniki moja ambayo sitaitaja. Aliyenihudumia alikuwa mtu mchangamfu, akanisikiliza, akaniandikia jeli ya estradioli, nipake mkononi kila asubuhi. Hakuniuliza kama nina mfuko wa uzazi, nami sikujua kwamba swali hilo lina maana. Jeli ilifanya kazi ajabu. Mwezi wa kwanza joto likapungua, wa pili likaisha, nikaanza kumsifia kwa kila rafiki. Kwa miezi kumi na moja nilijiona nimerudi ujana. Kisha nikaona damu kidogo, rangi ya kutu, kwenye karatasi. Nikasema labda hedhi imerudi, na nakiri kwamba nilifurahi. Baada ya siku tatu ikaja nyingi, ikadumu siku tisa.

Hospitali niliyokimbilia ilikuwa nyingine. Daktari wa kike aliweka kifaa cha ultrasaundi, akanyamaza, akakisogeza, akapima mara mbili. Utando wa ndani wa mfuko wa uzazi ulikuwa na unene wa milimita 14. Akaniambia kwamba kwa mwanamke ambaye hedhi imekoma na anatokwa damu, utando ukizidi milimita 4 huchukuliwa kipande ukachunguzwe. Akauliza, "Projesteroni unatumia ipi?" Nikamwonyesha jeli. Akasema, "Hii ni estrojeni. Projesteroni iko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Ndipo akanieleza kwamba estrojeni ikiachwa peke yake huuambia utando ukue, na kinachouambia uache ni projesteroni. Jambo hilo si geni: uhusiano wa estrojeni peke yake na saratani ya mfuko wa uzazi ulianza kuonekana wazi katika tafiti za mwaka 1975.

Nilingoja majibu siku kumi na mbili. Kila simu ilipolia nilitoka chumbani ili wanangu wasiuone uso wangu. Majibu yakasema utando umenenepa kupita kiasi lakini seli zake hazijabadilika kuelekea saratani. Nilitibiwa kwa projesteroni, nikachunguzwa tena baada ya miezi sita, utando ukawa umerudi hali yake. Leo natumia jeli ileile, pamoja na kapsuli ya projesteroni kila usiku. Kwa hiyo sisemi homoni ni mbaya. Nasema mwenye mfuko wa uzazi asiondoke kwa daktari na nusu ya dawa.

Usiku Mrefu

Pole sana, mama. Na kapsuli hiyo ya usiku ina faida ya pili, maana hulaza kama mkono wa mlezi.

Mfamasia

Ni kweli. Projesteroni asilia ikimezwa, mwili huigeuza kuwa alopregnanoloni, ambayo hukamata vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza ubongo. Ndiyo maana huagizwa imezwe wakati wa kulala, na isimezwe kabla ya kuendesha gari. Si kila mtu anaipenda, kwani wapo wanaoamka wakiwa wazito au wenye huzuni. Baadhi ya kapsuli zina mafuta ya karanga ndani, hivyo mwenye mzio aseme mapema.

Hesabu Kwanza, akimjibu Mume Msikivu

Hofu ya mke wako ina tarehe. Julai 2002 utafiti mkubwa wa Marekani uitwao WHI ulisitishwa kwa kundi la wanawake 16,608 waliokuwa wakipewa homoni mbili au dawa bandia. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, waliotumia homoni walikuwa na saratani ya matiti 8 zaidi, kiharusi 8 zaidi na mabonge ya mapafuni 8 zaidi. Walikuwa pia na saratani 6 pungufu za utumbo mpana na mivunjiko 5 pungufu ya nyonga. Mwaka 2003 tawi lake la kumbukumbu likatoa habari kwamba dimenshia ilitokea kwa wanawake 40 waliopewa homoni na 21 waliopewa dawa bandia.

Usiku Mrefu, akimjibu Hesabu Kwanza

Malizia basi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, na wale wa tawi la kumbukumbu walikuwa na miaka 65 na kuendelea! Walipewa vidonge vya estrojeni ya mkojo wa farasi jike wenye mimba, dawa iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1942, pamoja na projestojeni, dawa inayoiga projesteroni, ya kutengenezwa kiwandani. Wanawake wa miaka 50 wametishwa kwa miaka ishirini kwa matokeo ya mabibi zao. Hata mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza Novemba 2025 kwamba onyo la fremu nyeusi, lile kali kuliko yote kwenye karatasi ya dawa, litaondolewa kwenye dawa nyingi za aina hii.

Hesabu Kwanza

Likibakia lile la estrojeni peke yake kwa mwenye mfuko wa uzazi, ambalo Mama wa Mapacha ametueleza vizuri kuliko karatasi yoyote. Umri ni hoja yenye nguvu na ninaikubali: anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome, ana mizani tofauti. Ila kuondoa onyo si kuthibitisha faida. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2023 uliwakuta watumiaji wa homoni na dimenshia zaidi, hata walioanza mapema. Kabla hujanirukia, nasema mwenyewe kwamba ulikuwa wa kufuatilia rekodi za hospitali, na huenda waliosumbuliwa zaidi na usingizi na usahaulifu ndio waliokwenda kuomba homoni. Lakini hoja hiyohiyo inazikata pia zile tafiti za aina hiyo ulizozipenda.

Usiku Mrefu

Sijataja hata moja ya kumbukumbu.

Hesabu Kwanza

Umetaja za mabonge ya damu.

Bila Ovari

Jamani, mtu ana miadi Alhamisi, na mstari wa tatu wa karatasi yake hamjaugusa.

Mfamasia

Ni kweli, fezolinetanti imesahauliwa. Katika haipothalamasi, palipo na kidhibiti cha joto la mwili, kuna niuroni, yaani seli za neva, zinazotoa kemikali ya ujumbe iitwayo nurokinini B. Estrojeni huzituliza, ikiondoka huchachamaa, na Naomi Rance alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba baada ya kukoma hedhi huwa kubwa hata kwa macho ya darubini. Joto la ghafla ni kelele zao: mwili unadanganywa kwamba umepata moto, unafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2023, huziba kipokezi cha nurokinini B, kidonge kimoja cha miligramu 45 kwa siku. Haigusi matiti wala mfuko wa uzazi. Haisaidii mifupa wala ukavu wa uke. Ini lazima lipimwe kabla ya kuanza, kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha mwezi wa sita na wa tisa, kwa sababu wapo wachache walioumia ini vibaya. Mwenye kutumia fluvoksamini, dawa ya huzuni na wasiwasi, asiiguse.

Kwa aliyepata saratani ya matiti njia zisizo za homoni ndizo zinazotangulia, ila naye awe mwangalifu. Nimewahi kumrudisha kwa daktari mteja aliyeandikiwa paroksetini, dawa ya huzuni, kwa ajili ya joto huku akitumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti; ya kwanza huzuia ini kuigeuza ya pili iwe na nguvu yake kamili.

Na kwa kichwa: mwaka 2008 Pauline Maki na wenzake waliwafunga wanawake 29 vifaa vya kuhesabu joto la ghafla kwenye ngozi. Kadiri vifaa vilivyohesabu mengi, ndivyo walivyokumbuka maneno machache. Hesabu waliyoitoa wanawake wenyewe haikuonyesha uhusiano huo. Kwa hiyo yawezekana joto ambalo Mkalimani halihesabu usiku ndilo linalomla maneno mchana, na dawa yoyote itakayolizima inaweza kumsaidia kwa njia ya kuzunguka. "Yawezekana" nimelitumia kwa makusudi. Aombe pia apimwe tezi ya thairoidi, damu na vitamini B12.

Mkalimani

Nimesoma yote mara mbili, nikaandika pembeni kama ninavyofanya nikijiandaa kwa mkutano. Ninaegemea kibandiko pamoja na projesteroni. Nimeshaanza kukubali kwamba "mdhamini" hatarudi kwa kubandikwa. Swali dogo tu kwa Mama wa Mapacha: hiyo rangi ya kutu ilikuwaje? Mwezi uliopita niliona matone mawili matatu ya namna hiyo, siku moja, nikadhani ni uchovu wa safari. Sikumwambia daktari kwa kuwa hayakurudi.

Mkunga Mstaafu

Mwanangu, hili ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza wa andiko lako. Mwaka mzima ukipita bila hedhi, damu yoyote, hata tone, huelezwa kwanza kabla ya kugusa homoni. Mara nyingi huwa ni utando uliokonda au kinyama kisicho na madhara, lakini hilo halijulikani kwa kukisia. Usingoje Alhamisi. Piga simu leo.

Mama wa Mapacha

Ilikuwa hivyo hivyo. Piga simu.

Mkalimani

Nimepiga. Alhamisi itakuwa ya ultrasaundi, na karatasi ya mistari mitatu itasubiri. Daktari aliuliza kwa nini sikumwambia, nikatafuta la kusema nikakosa, na safari hii si kwa sababu ya homoni.

Usiku Mrefu

Tuko nawe, dada. Ukimaliza tutarudi kwenye kibandiko.

Hesabu Kwanza

Au kwenye usingizi.

Mgeni wa Leo

Samahani kwa kuingia katikati. Nami nasahau sana na nalala vibaya. Je, jeli ni bora kuliko kibandiko?

Mkunga Mstaafu

Karibu mwanangu. Una umri gani, na hedhi ya mwisho uliiona lini?